Kufungua Butiloda na Kuweka Mfumo Mbadala Kwenye Simu ya Android: Mwongozo Kamili kwa Waliokwama

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: “Nimefuata kila hatua, lakini simu imekataa.” Nikiuliza simu ni ipi, naandikiwa jina lililo kwenye boksi. Nikiuliza namba ya modeli na iliuzwa na nani, kimya. Hapo ndipo kosa lilipo, karibu kila mara. Amri zenyewe ni chache na mtu yeyote anayejua kunakili na kubandika anaziweza. Kinachowaangusha watu ni kuanza kazi kabla ya kujua kama simu waliyoishika inaruhusiwa kufunguliwa butiloda, yaani programu ndogo inayoamka kwanza na kuukagua mfumo, ili iwekewe mfumo mbadala, yaani Android iliyoandaliwa na wasanidi wengine badala ya kampuni ya simu.

Ruhusa hiyo iko mikononi mwa watu watatu: kampuni iliyoitengeneza simu, kampuni ya mtandao kama ndiyo iliyoiuza, na wasanidi wanaotunza mfumo mbadala wa modeli hiyo. Akikosekana mmoja kati yao, kazi haipo. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo karibu hazigusi kompyuta, na ndizo nitakazokaa nazo zaidi. Tafadhali usiziruke.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye chaji isiyopungua nusu. Simu ikizimika katikati ya kuandikwa, unaweza kubaki na kipande cha mfumo kisichowaka.
- Kompyuta ya Windows, Linux au Mac. Kwa baadhi ya simu, hasa za Xiaomi, programu ya kufungulia ni ya Windows.
- Kebo ya USB inayopitisha data. Kebo nyingi zinapitisha umeme tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ijaribu kwanza: hamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Picha isipofika, tafuta kebo nyingine.
- Kifurushi cha Platform Tools kutoka tovuti ya Google ya wasanidi. Ndani yake mna programu mbili, adb na fastboot. Ya kwanza huzungumza na simu iliyowaka, ya pili huzungumza na butiloda.
- Faili la mfumo mbadala, faili la rikavari yake (mfumo mdogo wa dharura unaotumika kusakinishia), na kama unahitaji duka la Google, faili la programu za Google.
- Programu rasmi ya kiwandani ya modeli yako hasa. Ipakue leo, wakati simu bado ni nzima. Hii ndiyo njia yako ya kurudi.
- Saa tatu za utulivu. Usifanye kazi hii usiku wa kuamkia safari, wala kwenye simu pekee unayoitegemea kesho.

## Hatua ya 1: Ijue simu kwa jina lake la ndani

Jina la dukani ni la matangazo. Wasanidi wanatumia jina la ndani ambalo mtengenezaji aliipa kila modeli, na hilo ndilo linaloandikwa kwenye faili unalopakua. Pixel 7 inaitwa “panther”, Pixel 7 Pro inaitwa “cheetah”, Pixel 7a inaitwa “lynx”. Faili la moja si la nyingine.

Mfano ulioumiza watu wengi ni Redmi Note 8 na Redmi Note 8 Pro. Kwa jina ni ndugu. Kwa ndani, ya kwanza, “ginkgo”, ina prosesa ya Qualcomm. Ya pili, “begonia”, ina prosesa ya MediaTek. Zinatofautiana kuanzia kwenye butiloda hadi kwenye kamera. Ukiandika faili la moja juu ya nyingine kwa nguvu, unajiandalia tofali, yaani simu isiyowaka tena.

Kulipata jina hilo ni rahisi. Nenda kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, na uandike namba ya modeli pembeni. Kisha, ukishaweka adb (hatua ya 5), thibitisha kwa amri hii:

adb shell getprop ro.product.device

Umefaulu ukiwa na vitu viwili kwenye karatasi: namba ya modeli na jina la ndani, na vyote viwili vinaonekana kwenye ukurasa wa mfumo unaotaka kuweka. Kimoja kikipishana hata kwa herufi moja, simama hapo.

## Hatua ya 2: Uliza kama butiloda inafunguka

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Inakagua saini ya mfumo, na ikiridhika inauachia mfumo uendelee. Ikiwa imefungwa, inakubali tu mfumo uliosainiwa na mtengenezaji. Kila kitu kingine kwenye mwongozo huu kinategemea kuifungua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kufuli la laini na kufuli la butiloda ni vitu viwili tofauti. Kufuli la laini huzuia simu isitumie laini ya mtandao mwingine. Simu “iliyofunguliwa” dukani ni ile inayokubali laini zote, na butiloda yake inaweza kuwa imefungwa daima. Nimeona watu wakinunua simu kwa kuamini neno hilo moja, kisha wakagundua kwamba walichonunua siyo walichokuwa wanakitafuta.

Sasa, watengenezaji. Tabia zao zinapishana sana:

Google huruhusu kwa Pixel bila kuomba namba yoyote. Ila simu iwe imeunganishwa na intaneti angalau mara moja kabla swichi ya kufungulia (nitaionyesha mwisho wa hatua hii) haijakubali kuguswa, kwa sababu simu huuliza kwanza kama ilikouzwa inaruhusiwa.

Motorola wanatoa namba ya kufungulia kwa modeli wanazozikubali. Unatoa data ya simu kwa amri ya fastboot oem get_unlock_data, unaiunganisha mistari yake iwe mstari mmoja usio na nafasi, unaipeleka kwenye tovuti yao, na namba inakuja kwa barua pepe. Kinachowakwamisha wengi ni kunakili pamoja na neno “(bootloader)” linalotangulia kila mstari. Liondoe.

Sony nao wanatoa namba kupitia tovuti yao ukiwapa IMEI, yaani namba ya kipekee ya utambulisho wa simu. Kabla ya hapo piga \*#\*#7378423#\*#\* uingie kwenye menyu ya huduma, utafute mahali palipoandikwa hali ya butiloda. Ikiandika kwamba kufungua kunaruhusiwa, endelea. Ikiandika “No”, tovuti haitakusaidia.

Fairphone wanatoa namba kwa IMEI na namba ya mfululizo ya kiwandani (serial number), na ni miongoni mwa wachache wanaoeleza jambo hili waziwazi kwa mteja.

Xiaomi wanataka akaunti iliyofungamanishwa na simu, laini ndani yake ikiwa na data ya mtandao wa simu, kisha kusubiri. Saa 168, yaani siku saba kamili, ni muda ambao wengi wamekutana nao. Tangu HyperOS, mfumo wao mpya wa simu, ije, masharti yameongezeka na yanatofautiana kulingana na soko ambalo simu ilitengenezewa. Soma masharti ya siku hiyo, usitegemee video ya miaka miwili iliyopita.

Samsung hawatumii fastboot. Simu zao zina hali ya kupakulia na programu ya Odin, hivyo amri za hatua ya 6 na 7 haziwahusu. Kwa miaka mingi, modeli zao za soko la Marekani zenye prosesa ya Qualcomm hazifunguki kabisa. Na zile zinazofunguka zina fyuzi ya ndani ya Knox (ulinzi wa usalama wa Samsung) ambayo ukiandika mfumo usio wao inaungua, na haiungwi tena. Folda Salama na malipo ya Samsung hupotea moja kwa moja, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani.

Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Kama simu yako ni ya baada ya hapo, itumie kama ilivyo.

Halafu kampuni za mitandao. Simu ileile, iliyotoka kiwanda kilekile, inaweza kufunguka ikinunuliwa kwa mtengenezaji na isifunguke ikinunuliwa kwa kampuni ya mtandao. Mfano unaojulikana zaidi ni Pixel zilizouzwa na Verizon nchini Marekani: swichi ya kufungulia ipo lakini imefifia, haiguswi. Kulipa deni la simu au kupata kibali cha laini zote hakubadilishi hilo. Unaponunua simu iliyotumika, muulize muuzaji swali moja tu kabla ya kutoa pesa: akupigie picha ya swichi hiyo ikiwa imewashwa. Asiyeweza kukupa picha hiyo, mwache na simu yake.

Jinsi ya kuiona swichi: Mipangilio, Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba hadi simu iseme wewe ni msanidi. Rudi nyuma, fungua Chaguo za Wasanidi Programu, tafuta swichi yenye neno OEM (maana yake mtengenezaji); ndiyo swichi ya kufungulia. Iwashe. Hapohapo washa na Utatuzi wa USB.

Swichi ikiwaka na kubaki imewaka baada ya kuzima na kuwasha simu, umepita. Ikiwa imefifia, jaribu mambo matatu kwa mpangilio: unganisha intaneti, rudisha simu kwenye mipangilio ya kiwandani (inafuta data, hivyo fanya kwanza hatua ya 4), kisha subiri siku chache. Ikibaki vilevile, basi uamuzi ulishafanywa na aliyeiuza. Usimlipe mtu anayekuahidi njia ya pembeni.

## Hatua ya 3: Hakikisha kuna watu nyuma ya mfumo

Butiloda kufunguka hakumaanishi kuna cha kuweka. Mfumo wa Android wa chanzo huria hauna draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kamera yako, modemu yako (kifaa cha mtandao wa simu) wala kisomaji chako cha alama za vidole. Mtu lazima akae chini aviunganishe.

Mtengenezaji analazimika kutoa msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo, ambacho kwa Android ni Linux), kwa sababu Linux iko chini ya GPL toleo la 2, leseni inayodai msimbo utolewe. Lakini sehemu kubwa ya kinachoendesha kamera na modemu hutolewa kama faili zilizofungwa ambazo wasanidi huzinyofoa kwenye mfumo wa kiwandani. Ndiyo maana kampuni inayotoa kerneli kwa wakati na isiyobadilisha mambo kila toleo hupata mifumo mbadala mizuri, na simu inayouzwa sana yenye msimbo uliocheleweshwa hubaki yatima. Hata Pixel, zilizokuwa mfano wa kuigwa, zilipungukiwa mwaka 2025 Android 16 ilipotoka bila faili za maelezo ya vifaa vyake ambazo Google walizoea kutoa. Wasanidi wakalazimika kuzitengeneza wenyewe.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa modeli yako kwenye tovuti ya mfumo, kwa mfano LineageOS, na uangalie mambo haya. Je, toleo la karibuni ni la wiki hizi au la mwaka jana? Je, kuna mtunzaji aliyetajwa? Je, mfumo unadai simu iwe kwanza na toleo fulani la Android ya kiwandani? Hilo la mwisho linadharauliwa mno. LineageOS 21 ni Android 14 na LineageOS 22 ni Android 15, lakini programu dhibiti ya modemu na ya butiloda mara nyingi haiji ndani ya faili hilo. Ukiwa na ya zamani mno, simu itawaka bila mtandao, au haitawaka kabisa. Sasisha kwanza mfumo wa kiwandani hadi toleo wanalolitaja.

Mifumo isiyo rasmi ipo mingi na mingine ni kazi nzuri ya mikono. Kwa mara yako ya kwanza, chagua rasmi.

## Hatua ya 4: Toa kila kitu ndani ya simu

Kufungua butiloda kunafuta simu yote, kwa makusudi. Vinginevyo mwizi angeifungua na kusoma data yako. Hakuna amri ya kuzuia ufutaji huo.

Picha na muziki watu hukumbuka. Vinavyosahaulika ni vitatu. Kwanza, programu ya namba za uthibitisho wa hatua mbili: ikifutika bila kuhamishwa, unajifungia nje ya barua pepe, benki na akaunti zako zote. Hamisha hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na ujaribu kuingia kwa kutumia kifaa cha pili. Pili, mazungumzo ya WhatsApp, ambayo yanahitaji nakala rudufu ya ndani ya programu yenyewe. Tatu, laini ya kielektroniki (eSIM): hakikisha unajua jinsi ya kuipata upya kutoka kwa mtandao wako.

Kwa mafaili ya kawaida, ukishaandaa adb (hatua ya 5), amri hii inavuta hifadhi nzima kwenda kwenye kompyuta:

adb pull /sdcard/ nakala

Kisha ondoa akaunti ya Google na akaunti ya mtengenezaji ndani ya Mipangilio, isipokuwa ile ya Xiaomi inayohitajika kufungulia. Usipoziondoa, ulinzi dhidi ya wizi unaweza kukudai nenosiri la akaunti hiyo baada ya ufutaji, na kama hulikumbuki umekwama.

Piga \*#06#, andika namba za IMEI kwenye karatasi. Utazihitaji mwishoni.

## Hatua ya 5: Andaa kompyuta

Fungua kifurushi cha Platform Tools mahali penye njia fupi, mfano folda moja tu ndani ya diski. Weka na mafaili yako yote humohumo. Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike:

adb devices

Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hii. Kubali. Ukiona namba ndefu ikifuatiwa na neno “device”, mambo ni sawa. Ukiona “unauthorized”, hukukubali kwenye kioo cha simu. Usipoona kitu, tatizo ni kebo, tundu au draiva.

Kagua uzima wa faili ulilopakua. Faili lililokatika njiani ni chanzo kikubwa cha simu kukwama kwenye nembo. Windows:

certutil -hashfile jina-la-faili.zip SHA256

Kwenye Linux tumia sha256sum, kwenye Mac tumia shasum -a 256. Mfululizo wa herufi na tarakimu utakaotoka ulingane na ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 6: Fungua butiloda

Peleka simu kwenye hali ya fastboot:

adb reboot bootloader

Kioo kitabadilika na kuonyesha maandishi machache. Sasa:

fastboot devices

Hapa ndipo watumiaji wa Windows wanapokwama kwa wingi. Draiva iliyofanya kazi na adb siyo lazima ifanye kazi na fastboot, kwa sababu kwa Windows simu iliyo kwenye butiloda ni kifaa kingine kabisa. Fungua Kidhibiti cha Vifaa, tafuta kifaa chenye alama ya njano, ukipatie draiva ya USB ya Google kwa mkono na uchague “Android Bootloader Interface”. Kama bado orodha ni tupu, hamishia kebo kwenye tundu la USB 2. Baadhi ya kompyuta husumbuana na fastboot kwenye matundu ya USB 3, na kitovu cha bei ndogo cha USB 2 katikati kimewaokoa wengi.

Kwa Pixel, uliza kwanza:

fastboot flashing get_unlock_ability

Jibu la 1 ni ruhusa. Jibu la 0 ni kwamba swichi ya OEM haijawashwa au imezuiwa. Rudi hatua ya 2. Kisha:

fastboot flashing unlock

Kwa simu zinazodai namba, kama za Motorola na Sony, amri huwa ni fastboot oem unlock ikifuatiwa na namba uliyopewa. Xiaomi hutumia programu yao badala ya amri. Simu itakuonyesha onyo. Tumia vitufe vya sauti kuchagua kukubali na kitufe cha kuwashia kuthibitisha. Watu husubiri kompyuta imalize huku simu ikiwasubiri wao. Itazame simu.

Amri ya unlock_critical utaikuta kwenye miongozo ya zamani. Iache, isipokuwa ukurasa wa modeli yako unaitaja wazi. Inafungua sehemu inayohifadhi butiloda yenyewe, na kosa humo halina tiba ya nyumbani.

Simu itajifuta na kuwaka upya. Kuanzia sasa kila ikiwaka itaonyesha onyo kwamba butiloda iko wazi. Onyo hilo ndilo dalili ya kufaulu. Pitia mipangilio ya mwanzo haraka bila kuweka akaunti, washa tena Utatuzi wa USB, na uangalie kwamba swichi ya OEM bado imewaka.

## Hatua ya 7: Weka rikavari ya mfumo

Rikavari ni mfumo mdogo wa dharura ulio kando ya ule mkubwa. Ya kiwandani inakubali mafaili ya kiwandani tu, kwa hiyo inabidi uweke ile iliyotolewa na wasanidi pamoja na toleo unaloweka.

Mahali pa kuiandika hutofautiana. Simu za zamani zina sehemu inayoitwa “recovery”. Nyingi zilizokuja na nafasi mbili za mfumo, A na B, huiweka ndani ya “boot”. Nyingine mpya huiweka ndani ya “vendor_boot”. Ukurasa wa modeli yako unasema ni ipi, na wakati mwingine unataja mafaili mawili au matatu ya ziada ya kutangulia. Fuata mpangilio wao herufi kwa herufi. Kwa simu inayotumia “boot”, amri ni:

fastboot flash boot recovery.img

Ukipata jibu la “OKAY”, usiruhusu simu iwake kawaida. Ikiwaka kwenye mfumo wa kiwandani, mfumo huo unaweza kurudisha rikavari yake na kufuta kazi yako. Hili ndilo jibu la wale wanaoniandikia kwamba wameiandika mara nne na rikavari haionekani. Tumia vitufe vya sauti hapohapo kwenye fastboot, chagua “Recovery mode”, ingia moja kwa moja.

Umefaulu ukiona nembo ya mfumo mbadala juu ya menyu.

## Hatua ya 8: Safisha, kisha sakinisha

Ndani ya rikavari chagua “Factory reset”, kisha “Format data”, thibitisha. Data ya zamani imefichwa kwa funguo ambazo mfumo mpya hauna. Ukiacha hatua hii, simu itazunguka kwenye nembo bila mwisho.

Rudi menyu kuu, chagua “Apply update”, kisha “Apply from ADB”. Kwenye kompyuta:

adb sideload jina-la-mfumo.zip

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi wameng’oa kebo na kuharibu kazi iliyokuwa imekwisha salama. Asilimia zinaweza kusimama kwenye 47 na kompyuta ikaandika “adb: failed to read command: Success”, au “No error”. Hilo si kosa. Kwa simu nyingi ndivyo usakinishaji uliofaulu unavyomalizika. Nyingine huandika “Total xfer: 1.00x”. Isikilize simu, usiisikilize kompyuta: kioo cha rikavari kikisema kimemaliza bila kutaja hitilafu, kimemaliza.

Kama unataka programu za Google, ziweke sasa hivi, kabla simu haijawaka hata mara moja. Ukiiwasha kwanza na kuziongeza baadaye, ruhusa zinavurugika na programu zinafunga kila dakika. Dawa yake ni kufuta na kuanza upya. Rikavari itakuuliza kama unataka kuiwasha upya ili kuongeza vifurushi. Kubali, kwa sababu kwenye simu za nafasi A na B mfumo mpya umeandikwa kwenye nafasi ya pili, na kifurushi cha ziada lazima kiufuate huko. Kisha rudia “Apply update” na utume faili la programu za Google lenye toleo lilelile la Android. Itakuonya kwamba saini haikutambulika. Ni kawaida, kwa kuwa kifurushi hicho hakikusainiwa na wasanidi wa mfumo. Kubali.

## Hatua ya 9: Washa na ukague

Chagua “Reboot system now”. Mara ya kwanza huchukua muda; hadi dakika 15 usiguse kitu. Ikipita hapo, rudi rikavari ukafute data upya, maana karibu hakika hatua ya “Format data” ilirukwa.

Kabla ya kurudisha data yako, kagua haya kwa utulivu. Piga \*#06# ulinganishe IMEI na karatasi. Piga simu halisi na uipokee. Hapa kampuni za mitandao zinarudi tena kwenye habari yetu: baadhi huruhusu kupiga simu kwa 4G kwa modeli zilizo kwenye orodha yao tu, na kule walikozima 3G, mfumo usiowasha sauti ya 4G unakuacha na simu isiyopiga. Piga \*#\*#4636#\*#\* uone hali ya IMS, huduma inayobeba sauti ya 4G. Ikiwa imesajiliwa, uko salama. Jaribu kamera zote, GPS ukiwa nje, Bluetooth, na kisomaji cha alama za vidole.

Kuna hasara mbili za kuzijua mapema, hata kila kitu kikienda sawa. Programu za benki nyingi hutumia ukaguzi wa Google uitwao Play Integrity, na butiloda iliyo wazi hufanya baadhi yake zikatae. Pia kwenye simu nyingi kiwango cha Widevine (ulinzi wa hakimiliki za filamu) hushuka kutoka L1 hadi L3, hivyo huduma za filamu zitakupa picha ya ubora wa chini. Kama benki yako iko kwenye simu hii pekee, lijue hilo ukiwa bado kwenye hatua ya 1.

## Ikikwama

“Flashing is not allowed in Lock State” maana yake butiloda bado imefungwa, hata kama ulidhani umeifungua. Rudia hatua ya 6.

Simu inazunguka kwenye nembo lakini fastboot inaingia: hujapoteza kitu. Weka programu ya kiwandani uliyoipakua mwanzo, kisha anza upya.

Kioo cheusi kabisa, kompyuta inaona kifaa cha Qualcomm chenye namba 9008: simu iko kwenye hali ya dharura ya prosesa. Kuirudisha kunahitaji faili lililosainiwa na mtengenezaji. Hapa peleka kwa fundi mwenye vifaa, usijaribu kila faili unalokuta mtandaoni.

## Kuhusu kufunga tena butiloda

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloua simu nyingi zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Niliwahi kupoteza simu nzima kwa amri hii moja, nikidhani naiongezea usalama.

Ukiwa na LineageOS, usifunge. Butiloda ikishafungwa inarudi kudai saini ya mtengenezaji, haiikuti, na simu haiwaki. Kama swichi ya OEM nayo ilikuwa imezimwa, huwezi hata kuifungua tena.

Kufunga kunafaa kwa hali mbili. Ya kwanza ni mfumo uliotengenezwa kwa kusudi hilo, kama GrapheneOS kwenye Pixel, ambao unaandika ufunguo wake ndani ya simu na kufunga ni sehemu ya maelekezo yake. Ya pili ni umerudisha mfumo wa kiwandani wote, kila sehemu, wa modeli yako, wa toleo lisilo la zamani kuliko lililokuwa ndani. Hilo la umri lina uzito: simu nyingi huhesabu matoleo na hukataa kuwasha la nyuma. Pixel 6, kwa mfano, ikishapanda Android 13 haikubali kurudi kwenye butiloda ya Android 12.

Kwa hiyo rudisha mfumo wa kiwandani, iwashe simu hadi mwisho ikiwa butiloda bado wazi, ingia Mipangilio uone kwamba swichi ya OEM imewaka, na get_unlock_ability irudishe 1 kwa simu zinazoikubali. Ndipo uandike:

fastboot flashing lock

Itafuta data tena. Ikiwaka bila onyo lile la mwanzo, imefungwa, na swichi ya OEM sasa unaweza kuizima.

Ukibaki na mfumo mbadala, masasisho huja kupitia Mipangilio yenyewe na hayafuti data. Ila ukivuka toleo kubwa, mathalani kutoka 21 kwenda 22, soma kwanza ukurasa wa modeli yako: huenda programu dhibiti nayo inatakiwa kupanda, na kifurushi cha programu za Google lazima kibadilishwe pamoja na mfumo kabla ya kuwasha.